Kadi za Sakitu

Kabla koti halijatundikwa, Dorika Mwalongo huingiza mkono katika kila mfuko wake. Huanza na mifuko ya nje, halafu ya ndani, halafu ule mdogo ulioshonwa karibu na kwapa, ambao wauzaji wengi wa mitumba pale sokoni Makambako hata hawajui kwamba upo. Wenzake humtania kwamba anapekua kama askari wa mpakani. Yeye huwajibu kwamba koti limetoka mbali, lilivaliwa na mtu asiyemjua, na si adabu kuliuza likiwa bado limebeba mambo ya mwenyewe.

Mambo yenyewe huwa madogo. Tiketi ya treni iliyofifia. Karatasi ya pipi. Glovu ya mkono mmoja. Mara moja alikuta jino la mtoto limeviringishwa kwenye leso, na siku ile hakuuza tena. Alikaa akiliangalia, kisha akalifukia nyuma ya kibanda chake bila kumwambia mtu.

Na mwaka ule aliofiwa na mume wake, Nathanieli, alikuta kadi.

Zilikuwa ndani ya kopo bapa la bati, katika koti nene la mtoto lililotoka kwenye belo la nguo za baridi. Hazikuwa karata za kopa na shupaza. Kila moja ilikuwa na picha yake, imechorwa kwa subira ya ajabu: misitu iliyofunikwa weupe, mbwa mwitu wenye macho ya samawati, nyumba ndogo zenye mwanga dirishani, watu waliojifunga mablanketi wakipita kwenye upepo. Kulikuwa na mwanamke mweupe mwenye taji la barafu, kidole chake kimenyooka, na kila alichokielekezea kilikuwa kimeganda. Chini ya picha palikuwa na maandishi ambayo Dorika hakuyaelewa hata neno moja.

Hakuziuza. Jumamosi iliyofuata alizipeleka Njombe kwa wifi yake.

Huyo wifi, Jenifa, ni dada wa marehemu Nathanieli. Watu walitazamia kwamba baada ya matanga angekuja Makambako kuulizia nguo za kaka yake na shamba lake. Alikuja kweli, akiwa na gunia la viazi na kuku mmoja, akapika, akafagia uwanja, akalala kitanda kimoja na mjane mpaka yule mjane alipoweza tena kulala peke yake. Tangu wakati huo, kila kipupwe kikiingia, Dorika hupakia makoti yake siku ya Jumamosi kwenda kuyauza Njombe, ambako baridi haina mzaha, na hulala kwa Jenifa. Jumapili huenda ibadani pamoja. Alasiri, kabla Dorika hajapanda gari la kurudi, huketi karibu na jiko na kucheza zile kadi.

Namna ya kuzicheza waliitunga wenyewe. Waliyatambua maandishi kuwa ni ya Kijerumani, maana Jenifa aliwahi kuwa mpishi wa shule kule Kidugala, kwenye misheni ya zamani ya Wajerumani, na aliona vitabu vya zamani vyenye herufi za vidoti viwili juu.

"Tungemwuliza mchungaji mmoja wa kule atusomee," Dorika alisema mwanzoni.

"Mwulize wewe," alijibu Jenifa. "Swali lake la kwanza litakuwa tumeweka shilingi ngapi mezani. Mimi nipo kwenye kwaya, wifi, usiniponze."

Basi walisoma picha. Theluji hawakuwahi kuiona, lakini sakitu wanaijua. Wanazijua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, nyasi za kando ya barabara zikiwa nyeupe na kuvunjika chini ya viatu, na majani ya viazi yakilala meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Yule mwanamke mwenye taji wakamwita Bi Sakitu. Wakaona pia kwamba karibu kila mtu katika zile picha yuko nje, na karibu kila nyumba ina moto ndani. Mchezo ungekuwa nini tena? Ni kuwaingiza watu ndani kabla Bi Sakitu hajawafikia.

Kila mchezaji alikuwa na nyumba yake na moto wake. Ukipata mtu, unamleta hatua kwa hatua mpaka kwenye kadi ya nyumba. Mwenzako akimtoa mbwa mwitu au upepo, unarudishwa nyuma. Na kulikuwa na kadi waliyoipenda kuliko zote, ya mwanamume mwenye taa mkononi, ameinamia mlango, mkono mwingine ameuinua. Huyo alikuwa Mgeni. Hakuwa wa mtu. Akitokea, yeyote mwenye nafasi kwenye moto wake humpokea, na akishaingia huhesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo. Hata mtu wa mwenzako aliyekwama nje unaweza kumpokea. Mwisho wake, aliyejaza nyumba ndiye aliyeshinda, na mshindi humtuma aliyeshindwa jambo moja, naye hakatai.

Walitumana mambo ya kila aina. Kipupwe kimoja Jenifa alimwagiza Dorika aende ibadani amevaa koti la rangi ya chungwa lenye manyoya shingoni, na Dorika akaenda, na mwinjilisti akasahau aya aliyokuwa anaisoma. Kipupwe kilichofuata Dorika alimwagiza Jenifa amwambie jirani yake, ana kwa ana, kwamba maandazi yake ni mazuri. Jenifa alisema ile ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote maishani mwake, ukiacha kujifungua.

Basi hivyo ndivyo miaka ilivyopita, na kadi zikachakaa pembeni, na wao pia wakachakaa. Dorika alianza kuvaa miwani. Jenifa alianza kukohoa.

Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Kisha ikawa kila akipanda kilima cha kwenda kanisani, anasimama njiani na kujifanya anaangalia shamba la mtu. Kipupwe hiki hakujifanya tena. Alisimama, akashika mti, akasubiri pumzi irudi, na Dorika aliyekuwa kando yake alisikia kifua kile kikipiga filimbi, taratibu, kama mlango unaofunguliwa na upepo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba Dorika alifika Njombe jioni akiwa na koti begani. Lilikuwa koti bora kuliko yote yaliyopita mikononi mwake mwaka ule, jepesi, limejaa manyoya ya bata ndani. Alikuwa amelificha chini ya meza tangu siku alipofungua belo, wateja wasilione. Alipobisha hodi, aliyefungua mlango alikuwa Davis.

"Kamwene, anti," alisema, akampokea mzigo.

"Kamwene, baba. Wewe umetoka Tanga lini?"

"Jana."

Davis ni mwana wa pekee wa Jenifa, mwenye mke na watoto huko Tanga, mtu mpole anayefanya kazi kwenye ghala la bandarini. Huja kila Krismasi. Mwezi wa saba hakuwahi kuja, na Dorika alijua papo hapo kwamba kuna jambo, ila hakuuliza. Alimvisha wifi yake lile koti.

"Nimekuwa bata," alisema Jenifa, akijigeuza. "Davis, mama yako anakwenda kutaga." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu, ndani ya lile koti zuri.

Walipokwisha kula, Davis aliliona kopo la kadi juu ya kabati. Alikuwa analijua tangu ujana wake lakini hakuwahi kulijali. Sasa alikuwa na simu ambayo ukiielekeza kwenye maandishi ya lugha nyingine inakusomea kwa Kiswahili. Aliielekeza kwenye kifuniko.

"Majira ya Barafu," alisoma. "Pakiti ya nyongeza. Haiwezi kuchezwa peke yake." Akawatazama. "Mama, hizi ni za kuongezea tu. Mchezo wenyewe ni mwingine. Kuna kadi za mwanzo, nadhani mamia, zenye kila kitu. Hizi ni za kuletea baridi ndani ya huo mchezo."

"Haiwezi kuchezwa peke yake?" aliuliza Dorika.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Waambie tumeicheza," alisema Jenifa.

Davis alicheka, akaendelea kuzipitisha kadi chini ya simu. Alisema kwamba katika mchezo wa kweli lengo ni kummaliza nguvu mwenzako mpaka asibaki na kitu.

"Nimmalize nguvu wifi yangu? Makoti nitapata wapi?"

"Na huyu ni nani hapa?" Davis aliinua kadi ya Mgeni, akaisoma, akasita. "Hapa anaitwa Mwizi wa Makaa. Akifika mlangoni, anaiba moto wako."

Jenifa aliichukua ile kadi mkononi mwa mwanawe, akaisogeza karibu na taa.

"Huyu? Na uso huu?"

"Miaka yote tunamkaribisha mwizi," alisema Dorika.

"Kwangu hajaiba kitu," alisema Jenifa kwa ukali kidogo, kana kwamba ndugu yake ametukanwa. "Labda huko kwao. Hapa amekaa kwa adabu." Akairudisha kwenye kopo, na wote watatu wakacheka mpaka Jenifa akakamata ubavu.

Ni baada ya kicheko hicho kwamba Davis alisema alichokuja kusema. Mama yake alikuwa amepelekwa hospitali na jirani katikati ya wiki, jambo ambalo Jenifa hakumwambia wifi yake. Daktari alisema ni pumu, na kwamba baridi hii pamoja na moshi wa jiko vitaendelea kumbana kifua, na kila kipupwe kitakuwa kibaya kuliko kilichopita. Tanga kuna joto. Chumba kipo, kimepakwa rangi, wajukuu wamegombania nani alale na bibi. Angeondoka naye Jumanne.

"Na wewe unasemaje?" Dorika alimwuliza Jenifa.

"Mimi sisemi kitu. Mwulize mwanangu, yeye ndiye msemaji."

"Mama hataki kusema ndiyo wala hapana," alisema Davis. "Tangu jana nambembeleza. Ananiambia nimsubiri anti."

Dorika aliinuka akakusanya vyombo, ingawa haikuwa zamu yake. Kule jikoni alisimama mbele ya karai la maji bila kuosha chochote. Alikuwa amempoteza Nathanieli. Mwanawe Peace ameolewa Songea, hupiga simu za haraka haraka. Aliyebaki anayemjua tangu akiwa mwari aliyeletwa kutoka Matembwe, aliyeunguza ugali siku ya kwanza ukweni, ni huyu mmoja tu. Alianza kutafuta njia kichwani. Angemhamishia Makambako, lakini Makambako ina upepo na vumbi, na baridi yake ni ile ile. Angemnunulia jiko la gesi. Angemletea mablanketi mengine, na makoti, makoti anayo belo zima. Alipanga haya yote mpaka maji ya karai yakapoa.

Kesho yake alasiri, baada ya ibada, walikaa kucheza kama kawaida. Davis alikuwa amekaa kizingitini akimenya hindi la kuchoma. Jua lilikuwa limetoka, lile jua la Njombe linaloangaza bila kupasha.

"Leo nikishinda," alisema Dorika wakati anagawa, "nina la kukutuma."

"Shinda kwanza," alisema Jenifa. "Maneno mengi kama muuza mitumba."

Dorika alikuwa amelitayarisha neno lenyewe. Lilikuwa neno moja, kaa. Alijua wifi yake hatalikataa, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kukataa, na alijua pia kwamba Davis, kwa upole wake, angeheshimu. Alicheza kwa bidii ambayo hakuwahi kuwa nayo. Aliwaingiza watu wake wawili mapema. Akatoa upepo. Jenifa akarudishwa nyuma na wala hakulalamika, yeye ambaye kwa kawaida hulalamika hata akishinda.

Kisha Mgeni akatokea, na ilikuwa zamu ya Jenifa.

Jenifa alimtazama, akatupa kadi nyingine kabisa, isiyo na maana yoyote.

"Wifi," alisema Dorika, "una mtu mlangoni."

"Nimemwona."

"Humpokei?"

"Nyumba yangu imejaa."

Haikujaa. Palikuwa na nafasi mbili wazi kando ya moto wake, mezani, zinaonekana.

"Si mmesema ni mwizi?" aliongeza Jenifa, akijifanya anapanga kadi zake.

Dorika aliinua macho. Katika miaka yote hiyo Jenifa hakuwahi kumwacha Mgeni nje. Hata akiwa na nafasi moja, hata akimhitaji mtu wake mwenyewe aingie, humpokea kwanza huyo, na humwambia "karibu, baba, vua viatu." Sasa alikuwa amekaa ndani ya lile koti la bata, mdomo ameubana, naye anashindwa kwa makusudi. Alitaka kuambiwa akae. Alitaka neno litoke kinywani kwa mwingine, ili asiwe yeye aliyemkatalia mwanawe, asiwe yeye aliyechagua.

Dorika alimpokea Mgeni kwenye nyumba yake. Raundi ile iliyobaki ilikwisha upesi, na nyumba ya Dorika ikajaa.

"Haya," alisema Jenifa. Aliweka mikono yake mapajani. "Umeshinda. Nitume."

Davis aliacha kumenya hindi. Jenifa alikuwa akimtazama wifi yake usoni, macho yametulia, kama mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo na anasubiri tu ushushwe. Na katika kimya hicho Dorika aliisikia tena ile filimbi. Jenifa alikuwa amekaa tu, hajapanda kilima, hajabeba ndoo, yuko karibu na moto ndani ya koti bora kuliko yote ya kipupwe kile, na bado kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

Neno la Dorika lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Nenda na Davis," alisema.

Jenifa alitega sikio. "Sijasikia."

"Umesikia."

"Wewe mwanamke!" Jenifa alisukuma kadi zikasambaa mezani. "Kaka yangu alikuoa hujui hata kusonga ugali, nikakufundisha mimi! Nikakaa na wewe matanga yote! Leo unanifukuza mbele ya mwanangu?"

"Kwani ningekutuma ukae, ungekaa?"

"Ningekaa!"

"Ndiyo maana," alisema Dorika.

Jenifa alitaka kujibu. Kikohozi kilimwahi. Kilipokwisha alikuwa amechoka mno kuendeleza ugomvi, akabaki anamtazama wifi yake anayeokota kadi, moja moja, akifuta kila moja kwa upindo wa kitenge kana kwamba imeanguka matopeni.

"Na hizo unabaki nazo wewe?" aliuliza hatimaye.

"Nibaki nazo nicheze na nani? Chukua."

"Mimi nizipeleke Tanga zikaloe jasho? Kaa nazo huko kwako. Sizitaki." Alisema hivyo kwa hasira, akageuza uso.

Jumanne basi la Tanga lilisimama Makambako kuchukua abiria. Dorika alikuwa stendi tangu asubuhi akiwa na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwa gazeti. Davis alishuka akamsalimu na kumshukuru sana. Jenifa hakushuka. Alifungua kioo cha dirisha kiasi cha kupitisha mkono, akapokea chai, akapokea chapati, akaushika mkono wa Dorika, na hakuuachia mpaka dereva alipopiga honi mara ya pili. Basi lilipokata kona kuelekea Iringa, Dorika alirudi sokoni kwa miguu, polepole, akafungua kibanda, akauza makoti manne na hakukumbuka hata moja lilikuwa la rangi gani.

Nyumba ya Njombe ilipangishwa. Jumamosi Dorika hakwenda tena huko. Alijisemea kwamba biashara ya Makambako inatosha. Jenifa hakupiga simu. Davis ndiye aliyetuma ujumbe kusema wamefika salama, mama anakula, mama amenuna. Dorika alijibu kwamba kununa ni afya.

Mwezi wa tisa, baridi ikiwa imeanza kulegea na upepo wa Makambako umeanza kubeba vumbi jekundu, simu yake iliita, ile ya kuonana kwa picha. Ilikuwa mara ya kwanza Jenifa kupiga tangu aondoke. Uso wa Jenifa ulijaa kioo chote, unang'aa jasho, kichwani kitambaa chepesi.

"Wewe," alisema bila salamu. "Zile kadi unazo?"

"Ninazo hapa."

"Zigawe."

"Nitagawa vipi, wifi? Mikono ninayo miwili tu."

"Mwite Rejoice anishikie zangu. Na umwambie azielekeze kwangu, asichungulie, wala wewe usichungulie, maana nakujua."

Rejoice ni binti mwenye kibanda cha viatu hapo jirani, ambaye kwa miaka mingi alisikia tu habari za hizo kadi. Alikuja akakaa juu ya belo, akashika kadi za Jenifa mbele ya simu kama mtu anayeshikilia kioo cha kunyolea. Dorika aligawa. Jenifa akaanza kusimulia, huku akimwelekeza Rejoice kadi ipi aitupe, kwamba Tanga watu wanaoga mara tatu kwa siku na bado wananuka chumvi, kwamba mkwe wake hajui kupika viazi lakini anajitahidi, kwamba amewaambia majirani kuna mahali katika nchi hii hii nyasi zinakuwa nyeupe asubuhi na zinavunjika ukizikanyaga, na wamemwita mwongo, mama mzima, na kesho anawaletea picha, Davis amtafutie.

Aliyasema yote hayo bila kusimama. Dorika alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, anasikiliza, si maneno tu. Hakuna mahali pumzi ilipokatika.

"Umelala?" aliuliza Jenifa. "Cheza!"

"Nacheza."

Mwanamume mmoja aliyeshuka kwenye lori alikuwa amesimama mbele ya kibanda, ameshika koti jeusi, akiligeuzageuza. "Mama, hili bei gani?"

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Dorika bila kuinua macho. "Zamu ni ya wifi."